Bei moja ya mahindi: nauli ya lori alilipa nani?
Hebu tupige hesabu. Gunia la mahindi linatoka Mtowisa bondeni, linapanda mlima hadi Sumbawanga, halafu kilomita zaidi ya 1,000 mpaka Dar es Salaam. Katikati ya miaka ya 1970 Serikali ikaweka bei moja nchi nzima: mkulima wa Rukwa alipwe sawa na wa Morogoro. Nani asingeshangilia? Ufipa ikalima kweli, Rukwa ikawa ghala la taifa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Lakini nauli haifutwi kwa tangazo. Ilibebwa na shirika la umma, NMC, likakopa benki mpaka likazama kwenye madeni. Siiti sera ile upuuzi. Ubovu wa barabara si kosa la mkulima. Ila bei moja ilipoachwa miaka ya 1980, nauli ikamrudia yeye.