Unataka Kuweka Ubuntu Kwa Lapi? Hapa Ndio Wasee Wengi Hukwama

Tangu 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha sapoti ya kawaida ya Windows 10, na lapi nyingi za kitambo haziwezi beba Windows 11. Lakini usitupe yako. Kuna Ubuntu, mfumo wa bure uliojengwa juu ya Linux. Ulianza 2004 chini ya Mark Shuttleworth, msee wa Afrika Kusini, na jina lenyewe linamaanisha utu. Msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma na kuurekebisha.

Ni ya bure, lakini ukifinya kitu vibaya, faili zako zote zinaenda. Cheki mahali noma huanzia.

Flashi haionekani
Faili ya Ubuntu inafika karibu 6GB, so tafuta Wi-Fi, usimalize bando. Usiikopi kwa flashi kama wimbo, lapi haitawaka nayo. Tumia Rufus au balenaEtcher. Vitu zote kwa hiyo flashi zitafutika, kwa hivyo zitoe kwanza.

Lapi inarudi tu Windows
Zima, washa, halafu finya F12 mara kadhaa kama ni Dell au Lenovo. HP nyingi ni F9. Hapo unachagua flashi.

Windows inaitisha tarakimu 48
Hiyo ni BitLocker, kufuli ya diski. Ukigusa mipangilio ya kuwasha lapi, inaweza kushtuka ikufungie nje. Mara nyingi huo ufunguo uko kwa akaunti yako ya Microsoft. Uandike kwa karatasi kabla hujaanza, au zima BitLocker kabisa.

Kitufe hatari
Ukiona “Erase disk and install Ubuntu”, jua inafuta kila kitu: Windows, picha, project ya chuo. Ukitaka kubaki na Windows, chagua ile ya “alongside”. Hata hivyo, weka nakala ya faili zako kwa diski ya nje kwanza.

Wi-Fi imekataa
Hii hutokea sana kwa lapi zenye kadi za Broadcom. Chomeka simu kwa waya ya USB, washa ile ya kushare intaneti, halafu fungua “Additional Drivers” uweke inayofaa.

Programu zako je?
Photoshop na Microsoft Office hazina toleo la Ubuntu. LibreOffice inafungua Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kuhama kidogo. Kama kazi yako ni Photoshop, baki na Windows kando.

Dawa ya hizi shida nyingi ni moja: chagua “Try Ubuntu” kwanza. Inatembea kutoka kwa flashi bila kugusa diski. Pima Wi-Fi, sauti na kamera hapo. Zikiwa fiti, sasa weka.