Dada Masiti

Dada Masiti, kwa jina kamili Mana Sitti Habib Jamaluddin, alikuwa mshairi, mwanachuoni wa Kiislamu na mfuasi wa tarika ya Kadiria katika mji wa Barawa, pwani ya Benadir, kusini mwa Somalia. Alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 19 katika ukoo wa Masharifu, akafariki tarehe 15 Julai 1919 akiwa ajuza wa umri mkubwa mno. Alitunga kwa Chimini, kiitwacho pia Chimbalazi, lahaja ya Kiswahili inayosemwa kaskazini kabisa mwa Uswahilini.

Akiwa mtoto wa miaka sita hivi aliibwa Barawa akapelekwa Unguja, na ikapita kama miaka kumi kabla jamaa zake hawajamrejesha. Masimulizi ya kuibwa kwake hayalingani, na wasimulizi wengi hukaa hapo zaidi kuliko panavyostahili. Kilichomfanya Dada Masiti awe Dada Masiti kilikuja baada ya kurudi, alipoketi kusoma dini.

Mwalimu anayetajwa katika masomo yake ni Sheikh Muhammad Janay al-Bahluli. Huyu hakuwa mwalimu wa chuo tu, bali sheikh wa Kadiria, tarika inayojinasibisha na Abdulkadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Kwake pia alisoma Sheikh Uways bin Muhammad al-Barawi (1847–1909), aliyekwenda Baghdad kutafuta ijaza, yaani idhini ya kufundisha tarika, kisha akaieneza Kadiria Somalia, Unguja na bara ya Tanganyika. Kwa hiyo bibi huyu na khalifa mkubwa kabisa wa Kadiria katika Afrika Mashariki walichota elimu kwenye kisima kimoja.

Kusoma kwa sheikh wa tarika si sawa na kuhitimu vitabu. Mwanafunzi, yaani muridi, husoma Kurani, fikihi na tauhidi kama wenzake wa chuoni, lakini juu ya hayo hupokea nyiradi, yaani dua za kukariri, kutoka kinywani mwa sheikh wake. Huambiwa azisome lini na mara ngapi, na sheikh humwangalia mwenendo wake mwaka baada ya mwaka. Katika Kadiria dhikri husomwa kwa sauti. Jina la Mwenyezi Mungu hurudiwa kwa pumzi moja na mwendo mmoja wa kiwiliwili, taratibu kwanza, kisha kwa kasi, mpaka kundi zima linakuwa kama kifua kimoja. Anayezoea kulipima neno kwa pumzi namna hiyo huenda akapata mizani ya ushairi bila kufundishwa arudhi, yaani kanuni za mizani, na ni vigumu kuzieleza tungo za Dada Masiti bila kuikumbuka dhikri.

Elimu hiyo ndiyo inayoeleza pia kwa nini alitunga kwa Chimini. Masheikh wa Barawa wa zama zake waliona kwamba Kiarabu kilikuwa kimewafungia nje watu wengi, wanawake hasa. Wakazipa nguvu steenzi, yaani tenzi za kufundisha dini kwa lugha ya nyumbani, ambazo mtu asiyejua kusoma angeweza kuzihifadhi. Dada Masiti aliifanya kazi hiyo kwa ustadi usio na shaka, na wanawake wa Barawa walizipokezana tungo zake kwa kichwa, mama akimsomea binti.

Utungo wake mashuhuri, Shekhi Chifa Isiloowa, unahusu kifo cha Sheikh Nureni Ahmed Sabiri, kadhi wa Barawa, aliyefariki mwaka 1909, mwaka uleule Sheikh Uways alipouawa Biolay na wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdulle Hassan, kiongozi wa tarika iliyopingana na Kadiria. Sheikh Nureni alikuwa kiongozi wa tarika ya Ahmadiya, si Kadiria. Wakati wafuasi wa tarika mbalimbali Somalia walikuwa wakirushiana maneno makali, hata kumwaga damu, Dada Masiti alimwombolezea mwanachuoni wa tarika nyingine bila kujali mpaka huo. Hapo ndipo malezi ya mwalimu wake yanapoonekana wazi zaidi.

Vita vya Somalia vya mwaka 1991 viliwatawanya Wabarawa hadi Mombasa, Uingereza na Marekani, na tungo zikasafiri vifuani mwao. Mwaka 2002 mtafiti Mohamed Kassim alichapisha makala juu ya maisha na ushairi wake. Hata hivyo, katika masomo ya fasihi ya Kiswahili wanafunzi hukutana zaidi na Mwana Kupona, mshairi wa Pate aliyefariki miaka ya 1860, na huyu wa Barawa husahauliwa. Mwana Kupona alimwusia binti yake kwa mamlaka ya mama. Dada Masiti alisema na mji mzima kwa mamlaka ya elimu. Wote wawili wanastahili kusomeshwa.