Kaiija: Mahali pa Kufulia Chuma

Katika kijiji cha Katuruka, magharibi mwa Ziwa Victoria, wazee wa Kihaya walikuwa wakiheshimu mti mmoja uitwao Kaiija. Maana ya jina hilo ni mahali pa kufulia chuma. Walisimulia kwamba mfalme Rugomora Mahe aliwakusanya wahunzi hapo wamjengee mnara wa chuma wa kumfikisha mbinguni, na mnara ukaanguka. Ni rahisi kuicheka hadithi hiyo. Peter Schmidt, mwanaakiolojia kutoka Marekani, hakuicheka. Alichimba hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970 akakuta mabaki ya kazi ya chuma, mengine ya zama za vyungu vya Urewe, yapata miaka 2,000 iliyopita. Waliofua chuma hapo kwanza walikuwa wamesahaulika, lakini mahali pao palibaki vinywani mwa watu.

Walichokuwa wakifanya si kuyeyusha jiwe tu. Ndani ya jiwe la madini, chuma kimeshikana na oksijeni, na moto peke yake hauvitenganishi. Kazi hiyo hufanywa na mkaa: ukiungua kwa hewa ya kupimwa hutoa gesi ya kaboni monoksidi, nayo hulinyang'anya jiwe oksijeni yake. Kinachotiririka ni uchafu, yaani mavi ya chuma. Chuma chenyewe hubaki bonge zito lenye vitundu, linalosubiri nyundo na fuawe.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani walikubali kuirudia mbele ya Schmidt. Walichimba shimo, wakalikandika kwa udongo wa kichuguu, kisha wakachomea humo nyasi za kinamasi hadi likajaa masizi na vijiti vilivyoungua nusu. Juu yake wakajenga tanuru, wakaingiza mirija ya udongo hadi ndani, vijana wakashika mivukuto. Mavi ya chuma yalipodondoka shimoni yalikuta kaboni imetapakaa kila upande, na chuma kikaendelea kuzaliwa humo humo.

Miaka miwili baadaye Schmidt na mwenzake Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba joto la tanuru lilivuka nyuzi 1,800 za Selsiasi, na kwamba hewa ilipata moto mirijani kabla ya kuufikia mkaa. Magazeti yakadaka habari: Wahaya wamewatangulia Wazungu kwa karne nyingi! Ulaya, mbinu ya kupuliza tanuru kwa hewa iliyopashwa moto ilipata hataza ya James Neilson wa Scotland mwaka 1828. Wataalamu wengine wakapinga, wakisema hewa haiwezi kupata joto kubwa kiasi hicho ndani ya mrija, na ubishi huo haujaisha. Kwa maoni yangu, mashindano hayo yaliwapotezea wazee wetu sifa waliyostahili. Maarifa yao yako kwenye zile nyasi za kinamasi, ambazo hazihitaji kufananishwa na Scotland ili ziheshimiwe.

Wafipa wa Rukwa walishika njia nyingine. Matanuru yao marefu, malungu, yalimpita mtu kwa kimo na hayakuhitaji mivukuto: hewa ilijivuta yenyewe kupitia matundu ya chini, kazi ikachukua siku kadhaa. Chuma kilichotoka humo hakikuwa safi, kikasafishwa tena katika tanuru dogo la kuvukutwa, ndipo kikafuliwa jembe. Na jembe halikuishia shambani. Lilitolewa mahari, likauzwa na kutumika kununulia vitu kama fedha. Pwani nako hawakuwa wageni wa biashara hii. Katika karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika juu ya watu wa Malindi na faida waliyoipata kwa chuma.

Kwa Wahaya na Wafipa tanuru lilikuwa mwanamke, na bonge la chuma mtoto wake. Wayeyushaji walijizuia na wake zao hadi kazi iishe. Si ajabu kwamba mawazo yalielekea kwenye mimba na damu. Hata Wagiriki, walipolisaga jiwe la hematiti wakaona wekundu wake, walilipa jina kutokana na damu. Damu nayo ni nyekundu kwa sababu ya chuma. Mtu mzima ana gramu 3 hadi 4 tu za chuma, sehemu kubwa ikiwa katika hemoglobini, ambako chuma huishika oksijeni kwa wepesi na kuiachia inapohitajika. Ndiyo maana mjamzito hupewa kliniki vidonge vya kuongeza damu. Na chai inayonywewa juu ya mlo wa maharage au mchicha, tuipendayo sana, huuzuia mwili kukinyonya chuma cha chakula hicho.

Matanuru yalizimika katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, majembe ya viwandani yalipoingia kwa bei ndogo. Yaliyobaki ni mavi ya chuma, meusi, mazito, yamelala mashambani Kagera, Rukwa na kwingineko. Ukiyakuta kwako, usiyazoe kujazia barabara. Yaache yalivyo, uwaite watu wa Mambo ya Kale waje wayaone.