Mkorosho Hauna Cheti cha Kuzaliwa

Ukivuka mto Pangani ukatokea Bweni, ukashika njia ya kusini iendayo Mkwaja, utapita Mwera. Usipoambiwa utapita tu. Mimi nimekulia Tanga mjini na kila likizo nilikuwa napelekwa Mwera kwa bibi, lakini sikuwahi kufikiri kwamba pale pana historia. Historia kwangu ilikuwa kitu cha kukariri usiku wa kuamkia mtihani.

Kilichonizindua ni shoka. Baba mdogo alitaka kuikata mikorosho ya marehemu babu. Alisema imezeeka, haizai kitu, na mkaa una soko. Kwa kweli hakuwa na ubaya, ada za watoto zilikuwa zimembana. Bibi hakubishana naye. Alikuwa amekaa kwenye mkeka chini ya mkorosho ule mkubwa kuliko yote, akanitazama mimi, akasema, "Mke mwenzangu, wewe uliyesoma, hebu mwambie baba yako mdogo. Huu ukishakatwa, akija mtu akauliza sisi ni nani hapa, tutamwonyesha nini?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi mjini nikaanza kusoma.

Nilichokuta kwanza ni mkonge. Huo una cheti cha kuzaliwa. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62. Ikapandwa Kikogwe, jirani na Mwera, na kufikia 1898 ilikuwa imezaa miche 63,000. Yote yaliandikwa, bwana! Mpaka miche iliyokufa njiani ilihesabiwa.

Mkorosho nao ni mgeni, tena umetoka bara lile lile la Amerika. Kwao ni kaskazini-mashariki ya Brazil. Mreno Cabral alifika Brazil mwaka 1500, na mwaka huo huo merikebu zake zilitia nanga Kilwa na Malindi. Katika karne hiyo ya 16 Wareno waliupeleka mkorosho Goa na pwani yetu hii. Merikebu gani, mwezi gani, nani alichimba shimo la kwanza? Hakuna aliyeandika. Ushahidi umo vinywani mwetu. Jina la zamani la mti huu ni mkanju, na tunda lake kanju. Ni neno la Wahindi Wekundu wa Brazil lililopitia kwa Wareno, kama vile nanasi. Kila anayesema kanju anasoma ukurasa wa historia bila kujua.

Kwa nini mmoja uliandikwa na mwingine haukuandikwa? Jibu nililipata kwa babu.

Babu alikuja Tanga miaka ya 1950 kutoka Newala, akiwa manamba. Ofisi ya kuandikisha wafanyakazi wa mkonge, SILABU, iliyoanzishwa 1944, ilikusanya vijana kutoka mbali na kuwasafirisha hadi mashambani. Jina manamba lenyewe latokana na namba waliyopewa. Babu alikata mkonge kwa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi, na siku usiyomaliza kazi haihesabiwi. Alipochoka akaomba shamba kwa mzee mmoja mwenyeji. Yule mzee alimpa, lakini akamwekea sharti: lima mihogo, lima kunde, usipande mti.

Huo ulikuwa utaratibu wa pwani. Muhogo ukishang'olewa umekwisha, lakini anayepanda mti amekaa. Mti una mwenyewe hata kama ardhi ni ya mwingine, huuzwa, huwekwa rehani, hurithiwa. Babu alilima mihogo miaka sita. Mwaka wa saba, bibi anasema, yule mzee alikuja asubuhi na korosho za mbegu ndani ya kikapu, akasema, "Haya, panda." Siku hiyo babu aliacha kuwa namba akawa mtu wa Mwera. Hapakuwa na karatasi wala muhuri.

Na mti wenyewe hauna makuu. Unakubali mchanga, unavumilia jua, unabaki wa kijani mwaka mzima, na mwaka wa tatu unaanza kuzaa. Unataka nafasi, mita 12 kwa 12, kupaliliwa na kupogolewa. Korosho haichumwi, unangoja ianguke na bibo lake. Bibo unakula au unakamua, korosho unaanika. Bibi huzikaanga kwenye bati lililotobolewa mpaka mafuta ya ganda yanawaka moto, kisha hubangua moja moja kwa jiwe. Vidole vyake ni vyeusi kwa mafuta yale, yanababua ngozi kama asidi.

Lakini korosho nayo imeonja siasa. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna zaidi ya tani 140,000. Kisha watu wakahamishiwa vijijini wakaiacha mikorosho yao porini, bei ikawa ndogo, ukaja ubwiriunga, ule ugonjwa unaopaka maua unga mweupe. Kufikia 1986/87 mavuno hayakufika tani 20,000. Viwanda vya kubangua zaidi ya kumi vilivyojengwa kwa mikopo vikakosa cha kubangua. Salfa ya kupulizia ndiyo iliyoanza kuinua zao miaka ya 1990. Ukaja mfumo wa stakabadhi ghalani mwaka 2007, na Novemba 2018 jeshi lilitumwa kukusanya korosho baada ya wakulima kukataa bei za wanunuzi. Serikali ilitangaza shilingi 3,300 kwa kilo.

Nilirudi Mwera na daftari. Nikatembea na bibi mti kwa mti. Huu ulipandwa alipozaliwa baba. Huu ni wa shangazi aliyefariki mdogo. Huu ulipandwa na yule mzee mwenyewe, kwa mkono wake, awe shahidi. Baba mdogo alitufuata nyuma kimya kimya. Mwisho alikata miwili iliyokauka, iliyobaki akaipogolea. Hatukushinda kila kitu: ada bado inadaiwa, na mikorosho iliyopogolewa haizai kesho.

Wewe mwenzangu unayetafuta cha kuandika, nenda kwenu kabla ya shoka. Uliza mti upi ni wa nani. Mkonge ulikuwa na makarani wake. Mkorosho wa babu yako unakungoja wewe.