Carlos Cardoso na Gazeti Lililopita Kwenye Simu

Sisi tuliosomea uhandisi tuna tabia ya kupima nguvu ya mtambo kwa ukubwa wake. Jirani yetu wa Msumbiji, Carlos Cardoso, alitikisa wakubwa kwa mashine ya faksi.

Cardoso alizaliwa Beira mwaka 1951, katika familia ya Kireno. Alisoma Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, akafukuzwa Afrika ya Kusini kwa kupinga ukaburu. Uhuru ulipofika mwaka 1975 Wareno wengi walifunga mizigo, yeye akabaki. Katika miaka ya 1980 aliongoza AIM, shirika la habari la serikali. Aliiamini serikali ya Samora Machel, lakini mwaka 1982 serikali hiyo hiyo ilimweka ndani kwa siku kadhaa kwa sababu ya maandishi yake.

Sheria ya magazeti ya 1991 ilipofungua mlango, yeye na wenzake waliunda ushirika, na mwaka 1992 wakaanzisha Mediafax. Kurasa chache zilipigwa chapa na kupitishwa kwenye waya wa simu hadi kwa wateja, ambako zilirudufiwa na kusomwa na wengi. Hapakuwa na kiwanda cha uchapaji wala lori la kusambaza. Mwaka 1997 akaanzisha gazeti lake, Metical, kwa njia hiyo hiyo.

Metical ni jina la sarafu yao, na Cardoso alifuata fedha kweli kweli. Aliandika juu ya viwanda vya korosho vilivyokufa baada ya Benki ya Dunia kushinikiza kodi ya kusafirisha korosho ghafi ipunguzwe, habari ambayo watu wa Mtwara na Lindi hawahitaji kuelezwa. Aliandika pia juu ya dola milioni 14 zilizochotwa mwaka 1996 kutoka benki ya BCM ilipokuwa inabinafsishwa. Kesi ikakaliwa, na yeye akaendelea kuuliza: ziko wapi?

Tarehe 22 Novemba 2000 gari lake lilizuiwa njiani Maputo, akauawa kwa risasi. Kesi ya wauaji ilisikilizwa ndani ya gereza na kutangazwa moja kwa moja redioni na kwenye televisheni. Januari 2003 watu sita walitiwa hatiani, mmoja wao aliyekuwa meneja wa tawi la benki hiyo.

Hata hivyo, Agosti 2001 Siba-Siba Macuácua, aliyekabidhiwa kuisafisha Banco Austral, alikwisha kutupwa kutoka juu ya ngazi za jengo la benki hiyo, akafa.

Daraja lenye nguzo moja haliaminiki. Kwetu nako ripoti za wakaguzi wa hesabu hutoka kila mwaka, na wachache huzifungua. Tukiwaachia waandishi wawili watatu swali la fedha zetu, tunawaachia pia risasi. Tuzisome, tuulize kwa sauti nyingi, hata tukiwa huku mbali.