Siku Tatu Kutoka Steji ya Rodi

Sikukuu ya Madaraka ikiangukia Jumatatu, wenye pesa hupanda treni kwenda Mombasa. Wenye pesa zaidi, Bali. Sisi wengine hushuka Rodi Kopany, pale barabara ya Rongo na Homa Bay inapochipuza tawi la Ndhiwa na Karungu. Makanga anaita wawili wa mwisho, na mama mmoja amepanga mafungu ya omena kando ya mikungu ya ndizi za Kisii. Ndizi, kwa nasaba, ni za huko huko Indonesia na New Guinea. Zilivuka Bahari ya Hindi zamani mno.

Hapo stejini utasikia Kijaluo zaidi, ukadhani ndivyo ilivyokuwa tangu jadi. Sivyo. Majina mengi ya huku huanza na Ka-: Kanyamwa, Kabuoch, Karachuonyo. Hiyo ni "kwa akina" ya Kijaluo, lugha iliyoletwa na wahamiaji kutoka upande wa Sudan kupitia Uganda, safari ambayo Bethwell Ogot aliiandikia kitabu mwaka 1967 akitegemea mapokeo ya wazee. Walipofika, hawakukuta nchi tupu.

Ushahidi uko Thimlich Ohinga, yaani boma la msitu wa kutisha, upande wa Migori. Ni kuta za mawe matupu, bila chokaa wala udongo wa kuyagandisha, zenye kimo cha hadi mita 4 na zaidi, na zinaaminika kuanza kujengwa karne ya 16. Tazama jinsi zilivyopangwa: safu ya nje, safu ya ndani, na katikati mawe madogo yaliyoshindiliwa kuzifunga pamoja. Malango ni mafupi makusudi. Ukiingia lazima uiname, na adui aliyeinama tayari ametanguliza kisogo. Ndani mna alama za mazizi na mawe ya kusagia, na nje kidogo palifuliwa chuma. Waanzilishi huenda walikuwa Wabantu. Waliofuata, Wajaluo wakiwamo, walizikarabati kuta na kuishi humo hadi amani ya kikoloni ilipowafanya watu watawanyike kwenye mashamba yao. UNESCO iliingiza mahali hapa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Maboma ya namna hii Nyanza yanazidi 500, na mengi yameota vichaka.

Kanyamwa, huko Ndhiwa, ni kwao Gor Mahia, mganga ambaye jina lake lilipewa klabu ya soka mwaka 1968. Mashabiki wengi wanaolipaza jina hilo uwanjani hawajawahi kukanyaga Ndhiwa, lakini hilo ni deni lao.

Bonde la Lambwe liko jirani. Mbung'o na malale waliwafukuza watu humo, na pale watu waliposhindwa kukaa ndipo wanyama wakasalia. Hifadhi ya Ruma, kilomita 120 za mraba, ndiyo makao pekee ya swala aitwaye korongo nchini Kenya. Inzi yule aliwalinda kabla ya askari wa wanyamapori.

Ukifika Mbita, ng'ambo ya maji mafupi kuna Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, na mbele zaidi Mfangano, kwenye michoro ya mapangoni inayohusishwa na Watwa. Hapa ni kwa Abasuba, waliovuka ziwa kutoka Buganda na Busoga katika karne ya 18. Walioa, wakaolewa, wakafanya biashara, wakasali na kusoma kwa Kijaluo, na lugha yao, Olusuba, ikabaki vinywani mwa wazee wachache.

Uliza tu majina ya vijiji. Rusinga kuna Kamasengre, na hapo hapo kisiwani kuna Waware. Ka- ni ya Wajaluo. Wa- hiyo nyingine Mswahili yeyote anaitambua.