Rais Aliyekufa kwa Presha

Shosho yangu alikuwa anameza dawa za presha siku ambazo kichwa kinamuuma tu. Kikipoa, vidonge vinarudi kwenye mkebe. Alikuwa na hoja yake: mbona unywe dawa na husikii kitu?

Franklin D. Roosevelt, Rais wa Marekani, naye hakuwa mtu wa kuuliza. Mwaka 1941 presha yake ilipimwa 188/105. Machi 1944 daktari wa moyo, Howard Bruenn, akamkuta na 186/108, moyo umetanuka. Akapunguziwa chumvi, sigara na kazi, lakini daktari wake mkuu, Ross McIntire, aliendelea kuwaambia wanahabari kwamba Rais yuko sawa. Roosevelt mwenyewe hakuuliza hata vidonge anavyopewa ni vya nini.

Aprili 12, 1945, huko Warm Springs, Georgia, alikuwa amekaa akichorwa picha. Mchana, akalalamika kwamba kisogo kinamuuma vibaya, akazimia. Presha ilikuwa imepita 300. Mshipa ulikuwa umepasuka ndani ya ubongo. Alasiri hiyo hiyo akafariki, miaka 63. Ikasemwa ni jambo la ghafla.

Ghafla gani? Ila tusimlaumu sana. Enzi hizo madaktari wengi waliona presha kupanda na umri ni kawaida, na dawa nzuri za kuishusha hazikuwepo. Ni mwaka 1948 ndipo watafiti walipoanza kuwafuatilia watu 5,209 wa mji wa Framingham, Massachusetts, na kwa miaka mingi ikadhihirika kwamba presha huleta kiharusi hata kwa mtu anayejiona mzima.

Na si lazima mshipa upasuke. Presha, na sukari pia, hukaza na kuziba vimishipa vidogo vya ubongo polepole. Sehemu ndogo zinakosa damu, zinakufa, na mtu anaanza kupotea akiwa bado anatembea.

Shosho alianza kuniita jina la babangu. Tukacheka, tukasema ni uzee. Kisha asubuhi moja mkono wa kulia ukakataa kuinuka.

Roosevelt hakuwa na dawa. Shosho alikuwa nazo. Tulipokuwa tunapanga vitu vyake baada ya mazishi, niliufungua ule mkebe. Ulikuwa karibu ujae.

Siku hizi mamangu naye ana presha. Kila jioni nampigia simu, na kabla ya salamu, namuuliza kama amemeza.